Niliwaambia Mgonjwa ni Mume Wangu

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, milima yote imezama kwenye ukungu, na mimi niliamka na kichwa kizito kama kawaida yangu. Naandika sasa, kabla ya magharibi, kwa sababu nikichelewa sitaandika ukweli.

Juzi Alhamisi, Salma, binti yangu wa pekee, alinipigia kutoka Ngerengere anakoishi na mumewe. Mimba yake imeingia mwezi wa tisa. Mzigo nilishaufunga: kanga, mafuta ya nazi, na vinguo nilivyoshona kwa vitambaa vilivyobaki hapa kibandani kwangu Mwembesongo. Uzazi wa kwanza, mama ndiye anayekwenda kumlea mwanawe. Nani asiyejua hilo?

Akaniambia nisiende.

"Mama, nikupe mtoto na mikono inatetemeka hivyo, mimi nitapata usingizi kweli?"

Sikukasirika. Angekuwa amesema uongo, ningekasirika.

Mimi ni mlevi. Haya, nimeandika. Nina miaka arobaini na tisa, najifunika vizuri, nashona sare za watoto wa mtaa mzima, na gongo naitia kwenye kikombe cha chai tangu asubuhi. Ramadhani nafunga. Nikishafuturu, nakunywa.

Jana nilimwuliza nesi wa zahanati. Akasema kuna watu wanakutana Bigwa kila Jumamosi saa nane mchana, wanasaidiana kuacha pombe. Alinielekeza huku anapanga makadi, hakuniangalia usoni. Nilimshukuru moyoni kwa hilo. Jioni nikamtumia Salma ujumbe kwamba nitakwenda.

Leo nilikwenda. Ule mlango niliupita mara mbili kama mtu anayetafuta nyumba nyingine, mara ya tatu nikaingia.

Walikuwa watu watano kwenye viti vya plastiki. Anayewaongoza ni Mzee Mkude, fundi wa reli aliyestaafu. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti. Wakaanza kusema mmoja mmoja: jina lake, na muda aliokaa bila kunywa. Ikafika zamu yangu.

"Naitwa Mwanahawa. Mgonjwa ni mume wangu. Nimekuja kuuliza nimsaidieje."

Mume aliniacha miaka minne iliyopita, kwa sababu ya hiyohiyo pombe.

Hakuna aliyebisha. Wakagawa chai. Nilikuwa sijagusa gongo tangu jana jioni, na kikombe kikaanza kucheza mkononi, chai ikanimwagikia mapajani. Pembeni yangu alikaa Mama Zena, mkulima wa kabichi anayeshuka kwa miguu kutoka huko juu milimani. Akakichukua kikombe changu, akamimina nusu kwenye chake, akanirudishia.

"Shika kwa mikono miwili, mwenzangu. Mimi mwezi mzima nilikunywa hivyo."

Nikaona haya kuliko siku zote nilizowahi kuanguka barabarani.

"Sina mume," nikasema. "Ni mimi."

Nilidhani nikishatamka kuna kitu kitanitoka kifuani. Hakikutoka. Watu walitikisa vichwa taratibu, mvua ikaendelea kugonga bati, basi.

Nikauliza kama mtu anaweza kuacha ndani ya wiki tatu, kabla mjukuu hajazaliwa. Mzee Mkude akaweka kikombe chake chini.

"Wapo wanaoacha, mama. Sisi tulioanza hapa tulikuwa kumi na mmoja. Tumebaki wawili, mimi na huyu Mama Zena."

"Na wengine?"

"Watatu tumewazika. Waliobaki utawakuta hukohuko unakonunua."

Halafu akanionya nisije nikaacha ghafla nikiwa peke yangu, mwili unaweza kuzidiwa. Keshokutwa nianzie hospitali, Mama Zena atanisindikiza. Ushauri mzuri. Na mimi, katika yote niliyosikia leo, nikashika hilo neno moja tu. Njiani kurudi nilikuwa najiambia: hata mzee mwenyewe amesema nisiache ghafla.

Nikapitia kwa muuzaji. Kwenye benchi walikuwepo wanaume wanne. Nilijiuliza ni yupi kati yao aliwahi kukaa kwenye vile viti vya plastiki. Sikumwuliza mtu. Nilikunywa palepale, nimesimama, kisha nikabeba chupa nyumbani.

Salma alipiga saa kumi na moja.

"Shikamoo mama. Ulikwenda?"

"Marahaba. Nilikwenda."

"Umekunywa?"

Miaka yote hii swali hilo jibu lake ni moja. Sijui leo nilipatwa na nini.

"Nimekunywa."

Nikamsikia anahema, ile pumzi nzito ya mwanamke aliyekaribia kujifungua. Hakupandisha sauti.

"Basi mama mkwe anahamia hapa Jumatatu. Vile vinguo nitumie tu, mama."

Akakata.

Nimeufungua mzigo, nimetoa kanga zangu, nimeviacha vinguo peke yake. Mzigo umepungua sana, unaingia kwenye mfuko mmoja. Jumatatu Mama Zena atanisubiri mlangoni pa hospitali, na kutoka kwake hadi mjini ni mwendo wa saa mbili. Je, nitakwenda, au nitamwacha asimame pale mpaka achoke?

Chupa imebaki nusu, ipo hapa chini ya cherehani. Ningependa kuandika kwamba nimeimwaga.

Sijaimwaga.