Nani Atamzuia Jirani Mlimani?

Oldonyiro,
Kaunti ya Isiolo.
9 Februari 2022

Mpendwa mjukuu wangu Atabo,

Habari ya huko Kanada? Baridi imekuachia masikio? Sisi wazima, ila mvua imetusahau na goti langu la kushoto lina maneno mengi. Barua hii kijana wetu Isaac ataipiga picha akutumie kwa simu. Nikingoja stempu itakufikia nimeshazikwa.

Sasa sikia, mke wangu mdogo. Juzi kwa baraza alikuja msichana wa mradi, Gaceri, Mmeru mwenye viatu visafi. Akasema huko kwenu viwanda vimewekewa kipimo cha moshi. Anayepitisha ananunua ruhusa kwa aliyebakisha. Tena jimbo lenu limeungana na jimbo moja la Amerika, soko likawa moja. Na kuna soko lingine ambako hata sisi tunaweza kuuza: tukilisha kwa zamu, nyasi inarudi, udongo unameza moshi wa watu, nao wanatulipa.

Nikainuka. "Mimi niliacha kiko zamani. Nitalipwa?"

"Mzee, moshi wa kiko ni mdogo sana."

"Ungemuuliza marehemu mke wangu!"

Watu walicheka mpaka chifu akapiga meza.

Lakini jambo lenyewe nalielewa. Kwa kisima chetu cha luga, ule mto mkavu, kila boma lina zamu ya kunywesha. Mwenye ng'ombe wachache humwachia jirani zamu, akapewa mbuzi. Ila pale juu amekaa mzee Aule na fimbo, anahesabu kila mkia. Huko kwenu nani ameshika fimbo? Na moshi umepungua kweli, ama unahama tu? Wewe ndiye unaupumua, niambie.

Nauliza kwa sababu Jumamosi tarehe 19 ni mimi nitatoa jibu la wazee. Tukikubali, tunafunga malisho ya mlimani mpaka nyasi ipone. Ng'ombe zangu kumi na moja zinaishi kwa mlima huo. Na mlima tunalisha pamoja na watu wa kaunti ya pili. Sisi tukifunga na wao waingie, tutakuwa tumewatunzia nyasi.

Gaceri anasema mambo ya mpaka si kazi yake. Basi kesho naenda mwenyewe kwa mzee Lekaldero, mkubwa wao ng'ambo ya mlima. Ujanani tuliibiana fahali, yeye saba, mimi nane, na miaka thelathini hatujasalimiana. Nitamwambia tufunge pamoja: mtu wake azuie ng'ombe zetu, mtu wetu azuie zao. Akikataa, Jumamosi nasema hapana. Akikubali, nasema ndiyo; na kama wezi wawili wa fahali wameweza kupatana, hao wenu wa viwanda wasitafute kisingizio tena.

Msalimie mumeo Felix, ingawa bado namchunguza. Shangazi yako Achuka anakusalimu sana. Mungu akufunike vizuri kuliko hayo makoti.

Wako akupendaye hata akikutania,
Babu Etabo