Ufunguo kwa Jina la Bi Mize

Bi Mize, somo yangu,

Nimekasirika, na sina mwengine wa kumwambia. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniacha nifoke huku unachemsha mikasi, halafu unaniuliza, "Ushamaliza? Haya, nipe pamba." Leo usiniulize. Sijamaliza.

Ulipokufa mji ulikuwa umefungwa kwa ile homa. Hilo unalijua. Usilolijua ni mazishi yako. Wewe uliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa huu, ulichukuliwa na watu tisa, na mmoja wao alikuwa afisa wa afya aliyekuja kuhakikisha hawafiki kumi. Matanga hayakukaliwa. Khitma yako tuliisoma mimi na dada yako chumbani, mlango tumeurudisha, sauti chini, kama watu wanaoiba. Kina mama walipita mmoja mmoja uchochoroni, wakasimama mbali, wakajifunika buibui mdomoni, wakaenda zao. Nilitaka kukulilia kwa sauti. Hata hilo niliona haya kulifanya peke yangu.

Bado naikumbuka siku waliyokuja kutufungia kliniki. Tulikuwa tunapima watoto. Afisa alisema homa hii imezunguka dunia nzima, basi kina mama wasikusanyike. Alikuwa na kufuli jipya mkononi. Ukamuuliza, "Na wenye mimba je, nao wafunge?" Akacheka. Akakupa karatasi utie saini kwamba umemkabidhi ufunguo, ukatia, ukachukua mkoba wako, na kesho yake ukaanza kuzunguka majumbani kwa miguu. Nilikwambia usiende kwa yule mke wa mpasua mbao, nyumba nzima ilikuwa inakohoa. Ukanijibu huku unavaa viatu, "Wewe Tatu, mtoto hasikilizi matangazo." Ukaenda. Mtoto akazaliwa salama. Siku ya nne wewe hukuamka.

Sijui nimkasirikie nani kwa hilo. Siku nyengine nakukasirikia wewe.

Basi, homa ikapungua. Asubuhi moja gari ya matangazo ikapita barabara ya Bububu na kile kipaza sauti chake kinachokoroma. Nilikuwa nafua uani, nikaiacha nguo kwenye beseni, nikatoka na povu mikononi. Skuli zifunguliwe. Soko lirudi kama zamani. Harusi ruhusa. Gari za shamba zipakie abiria, mpaka za Paje. Sinema ruhusa. Nikaifuata gari kwa miguu mpaka karibu na Mtoni, nikidhani huenda sisi wametuweka mwisho. Hatukuwekwa mwisho. Hatukuwekwa popote.

Nikavaa buibui nikaenda mjini, kwenye ile ofisi walikotoka waliotufungia. Karani ni kijana msafi, kalamu tatu mfukoni. Akafungua daftari, akashusha kidole, akasema, "Ufunguo upo. Umeandikwa kwa jina la Bi Mize. Aje mwenyewe auchukue."

Nikamwambia, "Bi Mize amefariki."

"Oh. Pole sana," akasema. Na kweli alionesha kusikitika. Kisha akatazama tena daftari. "Basi alete barua ya kukupa wewe ruhusa."

Nilidhani hakunisikia. Nikarudia. Akaniambia taratibu, kama anayemweleza mtoto, kwamba kwenye daftari hakuna nafasi ya kuandika mtu amekufa. Kuna nafasi ya aliyekabidhi na nafasi ya aliyepokea.

Nilirudi mara ya pili, afisa yumo mkutanoni. Mara ya tatu nikaja na cheti chako cha kifo. Dada yako alikitoa mkobani, hakutaka kiguswe na mtu. Karani akakisoma chote, mbele na nyuma. "Hiki kinathibitisha kwamba amekufa," akasema. "Hakithibitishi kwamba amekukabidhi wewe." Mara ya nne nikaambiwa afisa amekwenda kwenye sherehe ya kufunguliwa tena uwanja wa mpira. Nikarudi nyumbani kwa miguu, Darajani watu wamejaa, wanacheka, wananunua ndizi, na mimi nalia ndani ya buibui kama mwehu.

Na kina mama walikuwa wanakuja, Bi Mize. Hawakuitwa na mtu. Kila Jumatatu na Alhamisi wanakaa kwenye baraza ya kliniki na watoto wao mapajani, wanalitazama lile kufuli. Mimi sina mizani, sina dawa, sina hata maji ya kunawa. Nawashika watoto matumbo, nawaambia huyu mzima, huyu mpelekeni mjini. Miongoni mwao akija Kazija, mke wa Makame mwashi. Unamkumbuka, mimba yake ya kwanza. Ulinambia, "Huyu mtoto amekaa kitako, kichwa juu. Nataka nimuone mama yake kila wiki." Basi alikuja kila wiki. Hakuna aliyemuona.

Alhamisi moja, jua limeshapanda, nikasikia Makame ananiita toka barabarani. Amemleta mkewe kwenye gari ya ng'ombe. Gari ya hospitali ilikuwa shamba, hakuna ajuaye itarudi saa ngapi, na gari za abiria zimepita zimejaa hadi mlangoni. Kazija ameuma upindo wa khanga. Maji yameshatoka. Na mimi nimesimama mbele ya mlango uliofungwa kwa jina lako.

Nikamwambia Makame, "Una mtaimbo?"

Akanitazama. "Bi Tatu, hii mali ya serikali."

"Nnajua. Unao?"

Alikuwa nao, alikuwa anatoka kazini. Nikataka kuvunja mwenyewe asije akaingia matatani, lakini mikono ilinikataa. Akavunja yeye, kwa pigo la pili. Ndani kulinuka panya na vumbi. Godoro lilikuwa limetafunwa pembeni. Lakini kabati lako lilikuwa kama ulivyoliacha, mikasi ndani ya kitambaa, pamba, spiriti, kila kitu kimeelekea upande wake. Sikuwa na wakati wa kulia. Nikawapa kina mama kazi: huyu achemshe maji, huyu afagie, yule amshike Kazija mgongo.

Nitakwambia ukweli. Niliogopa. Mara zote nimesimama pembeni yako, nikipokea ulichonipa na kukupa ulichotaka. Mtoto wa kitako sijawahi kumpokea peke yangu. Yakaja makalio, na kila kidole changu kilitaka kuvuta. Nikakusikia vile ulivyonigombeza siku ulipomzalisha yule mama wa Kinazini, "Ondoa mikono! Usivute! Muache aje mwenyewe." Nikaondoa mikono. Nikamsimamia Kazija, nikamwambia asukume, nikamtazama mtoto ananing'inia na mimi simgusi. Sijapata kuona muda mrefu kama ule. Halafu nikafanya ulivyonionesha, nikamuinua miguu, kikatoka kichwa.

Hakulia. Nikamsugua mgongo, nikamfuta mdomo. Hakulia. Nikamsugua tena. Mama mmoja mlangoni alishaanza kusema innalillahi, nikamkemea nyamaza. Ndipo yule mtoto akakunja uso, akapiga ukelele wa hasira, hasira hasa, kama aliyeambiwa aje kesho.

Ni mwanamke. Mama yake mzima. Nilidhani watamwita Mize. Wamemwita Mwanaisha, jina la mama yake Makame. Nimekasirika na hilo pia, lakini sikusema.

Siku mbili baadaye nikaitwa ofisini. Mara hii afisa alikuwepo. "Ndugu Tatu," akasema, "umevunja kufuli la serikali. Hujui kama kuna utaratibu?" Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, maneno nimeyapanga njia nzima. Yakanitoka mengine. Nikamwambia, "Utaratibu nimeufuata mara nne. Mara ya tano alikuja mtoto." Akataka kujua nani alishika mtaimbo. Nikasema mimi.

Hapo ndipo tukasikia sauti ngazini. Nilikuwa sijamwambia mtu nimeitwa, lakini dada yako alijua, na akijua yeye mtaa umejua. Walikuwa kina mama wa Alhamisi, na watoto wao, wamekaa kwenye ngazi kuanzia chini mpaka mlangoni kwa karani. Hawakusema neno. Watoto ndio waliosema. Mmoja akianza kulia, wote wanafuata. Karani akasimama na kalamu zake, hajui apite wapi. Dada yako, na umri ule, amekaa ngazi ya juu kabisa, cheti chako mapajani. Afisa alipotoka akamuamkia, "Shikamoo, Bibi." Dada yako hakuitikia. Bi Mize, nimemjua dada yako tangu utoto wangu, sijapata kumuona akinyima mtu marahaba.

Kufika adhuhuri tukapewa karatasi. Kliniki ifunguliwe, kwa muda, asubuhi mbili kwa wiki. Mkunga ataletwa. Nikauliza lini. Wakasema ataletwa.

Unafikiri tulishukuru? Kesho yake gari ya matangazo ikapita, ikasema huduma za kina mama zimerudishwa kwa juhudi kubwa za viongozi. Juhudi! Wakaja na kufuli jipya, wakapiga picha mlangoni, afisa katikati. Kazija alitakiwa asimame pembeni na mtoto, akasema mtoto ananyonya, akaingia ndani. Jina lako halikutajwa na mtu yeyote, si siku ile wala kabla yake. Makame alitaka kulichonga ukutani, mwashi yule, saruji ilikuwa bado mbichi pale alipoziba tundu za kufuli. Wakamkataza, ati ukuta wa serikali. Kwa hiyo hupo ukutani. Upo kwenye daftari la karani tu, bado unadaiwa uje mwenyewe.

Na mkunga hajaletwa. Nipo mimi. Nawapima, nawapa dawa ya damu, mwenye hatari namkimbiza mjini, na kila mlango ukigongwa moyo unanishuka, maana huenda ni mtoto mwengine wa kitako, na mimi nimepokea mmoja tu. Watu wananiita mkunga. Mimi si mkunga, Bi Mize, na naogopa siku watakayolijua hilo kwa njia mbaya.

Kwa hiyo nimeandikisha jina langu hospitali kuu, kwenye mafunzo ya ukunga. Yule mwalimu aliniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Nikamwambia. Akaiweka kalamu chini. Nikamwambia nimesoma kwako miaka sita. Akasema nisubiri, nitaitwa.

Wewe lala, somo yangu. Mungu akunawirishie kaburi lako na akulipe kwa kila mlango ulioingia wenzako walipokimbia. Nisamehe kama siku nyengine nakukasirikia kwa kuingia ule wa mwisho. Na hili nakuahidi: kuitwa sikungoji. Jumatano nitakwenda mwenyewe kumuuliza yule mwalimu, na Jumatano nyengine, na ile itakayofuata, nitakaa mbele ya meza yake mpaka wachoke wao.

Wako,
Tatu