Visanduku vya Swichi vya Magomeni

Tanga, Ijumaa ya kwanza ya Rajabu. Ni masika ya nne tangu niondoke nyumbani Likombe.

Mjukuu wangu Salima, mke wangu mdogo,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mkonge umeumaliza mgongo. Mpe bibi yako pole ya mguu.

Umeuliza nyumba iwekwe visanduku vya swichi vya chuma au vya plastiki. Bandari ya Mtwara ilipojengwa nilikuwa kijana, kibarua wa fundi umeme pale Magomeni ya huko huko Mtwara. Visanduku vilikuwa vya chuma, na plasta tuliikoroga kwa mchanga wa ufukweni kwa kuwa ulikuwa karibu. Chumvi ikala chuma, ikala na waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme unaovuja. Kwa nje ukuta ulikuwa mweupe, mzuri.

Mwenzangu Bakari alitoka kutawadha, akaingia stoo yenye giza. Nikamwambia, "Futa mikono, wewe!"

Akacheka. "Umeme gani utamgusa mtu mwenye udhu?"

Akagusa kisanduku cha swichi. Tulimzika kabla ya alasiri.

Weka vya plastiki, Salima. Havishiki kutu wala havipitishi umeme. Fundi akisema chuma ni imara zaidi, hasemi uongo, ila haijui chumvi yetu. Na mchanga uletwe kutoka mtoni Kilambo, hata kama ni mbali.

Natarajia kurudi korosho zikianza kuanguka. Najua hata mwaka jana niliandika hivi hivi. Niwekeeni chumba, lakini mkikihitaji, kitumieni.

Babu yako