Vidole Kwenye Kitenge Changu

Mjukuu wangu Odette,

Nakusalimu kutoka kitandani. Mama yako hajambo, na mahindi yamekauka vizuri uani.

Unauliza uwafundishe nini kwanza wale wanaojitolea kuwatunza wazee. Nitakujibu kwa jambo ambalo sijamwambia hata padri.

Ujanani nilihudumu katika nyumba ya wazee, karibu na reli. Nilimtunza Bibi Ngoie, mzee kipofu. Siku moja mpwa wake alikuja kumtazama. Kwetu ndugu akifika, asiye wa ukoo hutoka, ndiyo heshima. Bibi akashika kitenge changu.

“Bakia, mutoto wangu.”

Mpwa akacheka. “Mama mukubwa iko anadeka tu!”

Nikavifungua vidole vyake kimoja kimoja, nikatoka. Niliporudi, mikono yake ilikuwa imevimba kwa kipigo. Sikumwambia mtu. Mpwa aliendelea kuja, na Bibi Ngoie hakunishika tena.

Siku hizi nasinzia mchana, treni inalia mbali, na vidole vile vinarudi kwenye nguo yangu. Wafundishe kuuliza kabla ya kutoka: “Nibakie?” Kisha wasubiri jibu.

Jana wageni walipofika, msichana anayenihudumia aliinuka atoke. Nikamshika nguo, nione tu atafanya nini.

Akaketi tena.

Nkambo wako