Meli ya Wafula

Jumatatu, 8 Machi 1943. Kitale
Mashine ya kupukuchua mahindi imeharibika tena. Mkanda. Nimeshinda nikiukaza. Habari kutoka nyumbani Bungoma: mdogo wangu Wafula amepewa likizo ya jeshi. Mimi daktari wao alinikataa, jicho. Yeye walimchukua. Nimeomba ruhusa niende. Furaha sina.

Jumamosi, 13 Machi. Bungoma
Boma limejaa. Wafula ameketi katikati kama bwana arusi. Habari yake ni meli tu. Kabla ya vita ilibeba matajiri: ukumbi wa dansi, mazulia, bwawa la kuogelea. Sasa imepakwa rangi ya majivu, bwawa limejaa magunia ya viazi, na askari wanalala ukumbini kwenye vitanda vya kuning'inia.
"Si meli, bana. Ni mji unatembea."
Naliaka, mchumba wangu, alimsikiliza mpaka chai yake ikapoa.
"Na hao matajiri walikuwa wanacheza usiku kucha?"
Hajawahi kuniuliza lolote juu ya mashine.

Jumapili, 14 Machi
Kanisani Naliaka aliangalia shingo ya Wafula ibada nzima. Nilimwona. Namchukia ndugu yangu. Nachukia hata buti zake.

Jumatano, 17 Machi
Ameondoka na treni. Naliaka alikuja stesheni. Mimi nikirudi Kitale hunisindikiza mama peke yake. Nilimshika Wafula mkono, nikamtakia safari njema. Moyoni nilisema: asirudi.

Jumanne, 28 Machi 1944. Bungoma
Chifu ametangaza barazani. Meli ile ya Wafula imezamishwa. Majina bado. Mama amelala chini, hataki kuinuliwa. Naliaka analia kuliko mama. Hata leo nina wivu. Sijui mimi ni mtu wa namna gani.

Jumatatu, 8 Mei
Wafula amerudi. Mzima. Amekonda. Naliaka alimwuliza habari za meli, Wafula akainuka akaenda kufunga ng'ombe.

Jumamosi, 13 Mei
Tumepalilia mahindi, mimi na Wafula. Katikati ya shamba akasema, bila kuniangalia:
"Waliolala ukumbini hawakutoka, kaka. Mlango ulikuwa mmoja, na watu ni wengi. Mimi nilikuwa juu, natapika."
Akapalilia kidogo.
"Naliaka usimwambie."
Jioni Naliaka ameniuliza tulikuwa tunaongea nini. Nimesema magugu. Akavuta kigoda karibu nami, akaendelea kuchambua mboga. Mvua imeanza, ndogo tu.