Kesho Nafungua Ngitili Kabla ya Wakati

Mama Masanja, mwangaluka.

Najua huwezi kuitika, lakini wewe ndiye uliyenizoesha kusalimia kwanza kabla ya kuleta shida. Basi nimesalimia. Shida inakuja.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Masanja alitaka nimtajie maneno ayaandike kwenye simu, nikamwambia toka hapa, mama yako alinifundisha. Unakumbuka? Walipoleta kisomo cha watu wazima nilikataa kwenda, nikasema mwanaume mwenye ng'ombe kama wangu hakai benchi moja na wanawake wanaonyonyesha. Ukaenda wewe. Jioni unatandaza unga kwenye ungo, unanichorea herufi kwa kidole, nikikosea unacheka, unafuta. "Haya, mwenye ng'ombe, rudia." Kisha unga ule ule unasonga ugali. Bariadi nzima hakuna mwingine aliyekula masomo yake yote akashiba. Herufi zangu siku hizi ni kubwa na zinapanda mlima, lakini zinasomeka. Na barua nimeiacha wazi, asome anayetaka.

Ngitili yetu ungeiona leo usingejua kama ni pale pale. Upande wa barabara ya Lamadi, palipokuwa na mashamba ya pamba, sasa kuna ukuta wa kiwanda cha kuchambua pamba. Nyuma yake kuna kingine cha kukamua mafuta, na wanasema vingine vinakuja, huku kwetu kote kutaitwa eneo la viwanda. Msimu ukifika malori yanapanga foleni mpaka shuleni. Manyoya ya pamba yanaruka ukuta, yananasa kwenye minyaa yetu, minyaa inaonekana imeota mvi kama mimi. Mwanao yumo humo ndani, anabeba marobota. Siku ya kwanza alirudi na nyusi nyeupe nikamcheka. Sasa simcheki, maana anakohoa.

Minyaa ile niliipanda mimi. Hakuna mtu kijiji hiki mwenye ua ulionyooka kama wangu, na nilikuwa nalisema hilo kila nilipokaa, na wewe ulikuwa unanijibu mbele za watu, "Umenyoosha wewe, au kamba niliyoshika mimi?" Haya, kamba ulishika wewe. Mashimo nilichimba mimi.

Kwa asiyejua kwetu, ngitili ni malisho ya akiba. Mvua zikianza tunafunga, nyasi zinaachwa zikue, hakuna mnyama anayekanyaga mpaka kiangazi kikaushe kwingine kote. Anayeingiza kabla anatozwa faini na wazee, na mimi nimetoza wengi, sikumwonea mtu haya. Lakini siku ya kufungua kwetu, anayeondoa miiba mlangoni ulikuwa wewe. Kijiji kizima kilijua hivyo.

Unakumbuka mwaka ule mvua zilipokatika mapema? Kaka yangu alifika kutoka Shishiyu na mafahali wake, mbavu nje. Nikasema tufungue, nani wa kunikataza kwenye boma langu? Mimi niliyekuwa nikiingia uwanjani kwenye ngoma za mavuno wachezaji wengine wanakaa chini! Mimi niliyeshika dume kwa pembe likapiga magoti! Nikafika mlangoni nikakukuta umekaa mbele ya miiba, mpini wa jembe mapajani, unatafuna michembe ya viazi vitamu.

"Baba Masanja, unaenda wapi?"

"Kulisha."

"Nyasi hizo ni za mwezi ujao."

"Mafahali watakufa leo!"

"Basi leo tutakula nyama. Mwezi ujao tutakula nini?"

Kaka alisema maneno ya Kisukuma ambayo hapa siyaandiki. Nikawageuza mafahali. Mwezi uliofuata ng'ombe wa wenzetu walikuwa wanainuliwa kwa mikono ya watu, wetu wanatoa maziwa, na mafahali wa kaka wakala humo humo wakapona. Akaja kukushukuru na kitenge. Mimi hakuniletea hata tumbaku.

Sasa sikia.

Wiki iliyopita walikuja wapimaji. Mvua ndiyo zinaisha, nyasi zimefika magotini, ua mzima, miiba mlangoni. Ngitili iko vile hasa inavyotakiwa kuwa. Binti mmoja mwenye kofia ngumu ya njano akachungulia.

"Mzee, shikamoo. Hili pori ni la nani?"

"Marahaba. Si pori, ni ngitili."

"Mbona hakuna ng'ombe? Hakuna hata kinyesi."

"Ndiyo maana ni ngitili."

Akamgeukia mwenzake. "Andika halitumiki."

Nikamwambia, "Binti, ukienda kwenu ukakuta ghala la mama yako limejaa na limefungwa, utasema halitumiki?" Akacheka, kwa adabu, siwezi kusema alinidharau. Lakini mwenzake alikuwa ameshaandika.

Juzi jioni mwenyekiti wa kijiji akaja, hakukaa hata kwenye kiti. Akasema ardhi ya malisho haiguswi mpaka kijiji kikubali, lakini pori lisilotumika linaingizwa eneo la viwanda. Wapimaji watarudi mara moja tu kuhakiki, na siku yenyewe ni kesho. Nikamuuliza, na mke wangu? Akatazama viatu vyake. Makaburi yatahamishwa kwa utaratibu, akasema.

Utaratibu! Wewe uliyetuambia, "Mnizike mlangoni mwa ngitili, nione nani anaingia," wakufukue wakulaze kando ya watu usiowajua, na mlango wetu ubaki bila mtu.

Masanja alikuwa amesikia yote. Mwenyekiti alipotoka akasema, "Baba, mbona ni rahisi. Siku hiyo asubuhi ingiza ng'ombe. Wapimaji wakija wakute wanakula, wakute na mavi, waandike malisho."

"Nyasi hazijakomaa."

"Najua."

"Wakizikanyaga sasa, kiangazi watakula nini?"

"Mashudu. Kiwandani yapo."

"Kwa hiyo nikifukuze kiwanda mlangoni, halafu nikakiombe chakula dirishani?"

 Akaniuliza taratibu, "Baba, unataka nyasi, au unataka mahali?"

Mtoto yule ana mdomo wako. Nilimtukana. Nikamwambia wote niliowatoza faini watakuja kunicheka, na kwamba mtu wa kufungua ngitili kabla ya wakati hajazaliwa kwenye boma hili. Akaondoka bila kula, nikamsikia anakohoa mpaka njiani.

Leo tangu asubuhi nimekaa hapa mlangoni, karibu na kichwa chako, naandika barua hii juu ya goti. Mashine zinanguruma ng'ambo ya ukuta. Nimekaa nikingoja unikataze. Miaka yote mimi ndiye wa kutaka kufungua, wewe ndiye wa kukataza. Leo wewe umenyamaza na mimi ndiye ninayekataza, na kazi hii sijaizoea, mama Masanja. Naifanya vibaya. Wewe ulikataa ili ngitili ibaki. Mimi nikikataa, haibaki.

Lakini nyasi naziona kwa macho yangu. Bado laini, hazijatoa hata mbegu. Ng'ombe wakiingia, baada ya wiki chache zitakuwa vumbi. Na kiangazi kikija na ukali wake, sina pa kuwapeleka. Majirani wengi wamekwisha kuhamia kusini na mifugo, hawarudi hata kuzika. Tena wale wapimaji wanaweza kuona ng'ombe na bado wasibadilishe walichoandika. Watu watasema mzee alitupa nyasi na mahali pia. Mimi ambaye sijawahi kuogopa dume, hili naliogopa.

Basi naamua, na wewe nakuarifu, maana mlango ni wako.

Nimemtuma jirani akamwite Masanja arudi, aje ashike upande mmoja wa miiba. Ile faini nitajitoza mwenyewe mbele ya wazee, wacheke mpaka wachoke. Kesho jua likichomoza tutafungua. Atatangulia yule mweupe, mjukuu wa ng'ombe uliyekuwa unamkamua huku unamsema kama mke mwenzio. Huyo ana adabu, hatakanyaga udongo wako. Wengine nitawazuia kwa fimbo, kwa hilo bado nina nguvu kuliko vijana wote wa hapa.

Wewe lala. Ila nakujua, usingizi wako mwepesi. Kesho ukisikia kwato zinapita kando yako na nyasi zinakatwa kabla ya wakati wake, usiinuke na mpini.

Ni sisi.

Mimi mumeo, niliyechimba mashimo,
Baba Masanja