Sauti ya Tatu

Busia, 4 Machi 2024

Kwa shemeji yangu Emoit,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Dada yako mzima, binti yetu Nabila mzima, na mimi nimerudi kutoka Kampala nikiwa hai, alhamdulillahi. Natumaini huko Tororo hamjambo na kwamba ule mguu umeacha kukusumbua.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu kwangu sasa ni kitu cha kusikiliza tu. Madaktari waliondoa ugonjwa, na pale sauti inapotokea wakapaondoa pia. Napumua kwa tundu la shingoni, na wageni nawakimbia. Dada yako ananitania kwamba nimekuwa mwali wa ndani.

Asante kwa ile flashi uliyonipelekea hospitalini. Niliisikiliza kwenye redio ya mgonjwa mwenzangu. Albamu yetu, Zilipendwa Bila Gita! Nilituona tena, wanne sisi, tumejifungia stoo kwangu Jumapili ile, magunia ya maharage yakimeza mwangwi, tunaimba nyimbo za zamani za bendi za jazi kwa midomo mitupu. Hata honi ya trela lililokuwa kwenye foleni ya mpakani ipo, mwisho wa ule wimbo wa dereva.

Basi mwenzangu akaniuliza, “Wewe ni yupi hapo?” Nikainua kidole, asubiri sauti yangu ifike nimwonyeshe. Shemeji, wimbo uliisha kidole kiko juu. Tukarudia. Namsikia Akwi kule juu, anang'aa. Namsikia Goretti na sauti ya pili. Wewe na besi yako nani asiyekusikia, unanguruma kama mashine ya kusaga. Mimi wa sauti ya tatu sijisikii. Trela linasikika, mimi sisikiki.

Sina sauti nyingine ya kuwaachia watoto zaidi ya hiyo iliyomo humo. Hebu niambie kweli, nilikuwemo?

Shemeji yako,
Jibril


Tororo, 19 Machi 2024

Kwa shemeji Jibril,

Barua yako nimeipokea mkononi mwa Nasifu wa taksi, ikinuka petroli. Tumshukuru Mungu kwa kukurudisha. Hapa sote wazima, Akwi anakusalimu, Goretti pia. Mguu ni ule ule, mvua ikikaribia unanijulisha kabla ya redio.

Sasa acha maneno hayo. Unasikika vizuri sana! Ni vispika vya redio ya hospitali tu. Kila mtu anakusikia, usijitese bure.

Kuna jambo moja. Tumeombwa kurekodi albamu ya pili mwezi wa nane, zilipendwa vilevile, na safari hii ni studio ya kweli yenye milango. Yuko kijana kutoka Masaba anaitwa Okanya, ana sauti tamu. Tumeonelea ashike nafasi yako kwa muda. Tunaomba baraka zako, na ukipenda aje umwelekeze.

Msalimie dada yangu, mwambie asikupikie pilipili.

Shemeji yako,
Emoit


Busia, 2 Aprili 2024

Emoit,

Unasema ninasikika, kisha kwenye ukurasa huohuo unaniletea mtu wa kukaa mahali pangu. Kama ninasikika, nitajie ni wimbo gani, neno gani. Huwezi. Umenipa peremende kama mtoto aliyechomwa sindano.

Halafu “kwa muda”. Unajua wewe koo langu linarudi lini?

Mchukueni huyo Okanya. Mimi nina mchele wa kuuza. Habari za muziki usiniandikie tena.

Jibril


Tororo, 10 Julai 2024

Kwa shemeji yangu Jibril,

Salamu kwako na kwa nyumba yako yote. Najua ulinikataza. Nimenyamaza tangu Aprili na kunyamaza kumenishinda. Natumaini kidonda kimekauka na usiku unapata usingizi.

Nilikudanganya. Nilikuhurumia, nikaona uongo ndio utakaokuponya. Baada ya barua yako nilikaa na ile albamu kutwa nzima nikikutafuta, na mimi sikukupata. Huo ndio ukweli uliouomba.

Ila subiri, usiitupe barua. Mwezi wa tano tuliitwa harusini Nabuyoga, tukaimba watatu. Watu walipiga makofi, wakatutuza, hakuna aliyeuliza kulikoni. Lakini sisi wenyewe tulikuwa tunazama. Akwi, ambaye hajawahi kukosa, alishuka katikati ya ubeti wa pili na hakujua pa kurudia. Mimi nilikuwa nanguruma peke yangu kule chini, sioni njia ya kuwafikia wale walioko juu. Tulipomaliza Goretti akasema, “Nimeimba miaka yote nikimwegemea Jibril na sikujua.” Akalia mbele ya wapishi. Kwa hiyo wanaosikiliza hawakukusikia, shemeji. Sisi ndio tuliokuwa tunakusikia, kila siku.

Okanya alikuja. Kijana mzuri, ila kila tukianza anakwenda kwa Akwi, anaimba naye ileile ya juu. Tukasema tumfundishe ya kwako. Hapo ndipo aibu ilipotupata, maana hakuna aliyeijua! Tunajua inapokutana na za kwetu, lakini kuianza peke yake na kuimaliza, hakuna. Goretti alibandika sikio kwenye spika mpaka Akwi akamcheka. Nikaona jinsi itakavyopotea kabisa, na mwenye nayo hawezi kuitoa na hataki kutuona.

Jumatatu nikaja Busia kukuomba radhi. Dada akaniambia umeenda kliniki Mbale. Nikakungoja stoo, nimekaa juu ya gunia, mguu wangu huu nimeunyoosha. Vijana wako walikuwa wanashusha mchele, wanaimba. Wimbo mgeni kabisa kwangu, unazungukazunguka bila kupanda. Nikamwuliza yule mwenye shingo nene, Twaibu, huo ni wimbo gani.

“Si ule ya dereva, mzee.”

Nikacheka. Nikamwambia wimbo wa dereva nimeuimba kabla hajaota meno, hauendi hivyo.

“Aa, mzee, wewe hapana jua huu wimbo. Hii ndio yenyewe. Bosi naimbaka hivi tangu zamani, sisi nashusha mzigo, yeye naimba. Ile ya redio iko mbaya.”

Wenzake wote wakamuunga mkono. Wanaamini redio inakosea, shemeji! Wamejifunza kwako, na walikusikia wewe peke yako, bila Akwi wa kukufunika. Nikawaomba warudie. Nikaingiza besi yangu chini yao taratibu, ikatua mahali pake. Ulikuwa wewe. Vijana sita wenye magunia mabegani, na ilikuwa sauti yako ya tatu tangu mwanzo hadi mwisho.

Sikukungoja. Niliogopa nikikuona nitalia mbele ya vijana wako, na bado wangesema sijui wimbo. Okanya ameshajiondokea kwa amani. Albamu hatujamwambia mtu lolote. Ni wewe utakayesema.

Shemeji yako akupendaye,
Emoit


Busia, 17 Julai 2024

Kwa shemeji yangu Emoit,

Salamu, na pole kwa safari ya bure. Sisi wazima. Nabila ameanza kunisomea midomo vizuri kuliko hata mama yake, sasa siwezi kugombana na mtu kwa siri.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilikuwa naiimba stoo kwa sababu sauti ya tatu usipoishika kila siku, ya kwanza inakuvuta unaenda nayo. Nilikuwa nafanya mazoezi tu. Wale vijana nilidhani wanawaza mzigo.

Kesho yake baada ya kuipokea barua nikawahi stoo kabla yao, nikakaa nyuma ya magunia, sikumjulisha mtu. Wakaja, wakaanza. Sijawahi kuisikia kutoka nje, shemeji, maana siku zote mimi nilikuwa ndani yake. Ni nzuri! Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa ni nzuri. Nililia, na kwa tundu hili hata kulia ni kazi, unatoka upepo tu.

Twaibu ndiye anayeishika barabara, ila anavuta mno mwisho wa ubeti wa pili. Nimekaa naye jioni zote, nampigia mapigo kwenye gunia kwa fimbo, na sasa ameacha. Anaogopa kwamba Akwi atamcheka kwa viatu vyake. Mwambie Akwi asicheke.

Jumamosi nakuja naye. Nitakaa humo humo mnamoimbia, na mtakaponiangalia shingo mwangalie, mkishiba tuanze. Akianza kujitutumua ili asikike, mkanyage mguu. Mimi siwezi kumwambia, kwa hiyo mwambie wewe kwa niaba yangu: pale alipo, kazi yake ni kuwashikilia wenzake, na niliyekaa hapo kabla yake nilipapenda kuliko mahali pengine popote duniani.

Shemeji yako,
Jibril